Sekunde Ishirini za Kiswahili

"Shemeji, mbona hukusema?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Haidar alipofumbua macho na kumwona Muzdalifa amesimama kando ya kitanda. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta mpaka nyongani, mkono una sindano ya dripu, na mlangoni amekaa polisi kijana anachezea simu. Polisi yule hakuwekwa pale kumlinda Haidar. Aliwekwa ili Haidar asitoroke, utadhani mtu mwenye mguu ule angefika popote.

"Sikusema nini, Haidar?"

"Kwamba kuna maji."

Muzdalifa alimgeukia mumewe, Msabaha, ambaye ni kaka yake Haidar wa tumbo moja. Msabaha akawa anatazama sakafu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Juzi yake, mvua za tufani zikimwagika juu ya Guangzhou, Haidar alikuwa akirudi kutoka Xintang na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Nyuma kulikuwa na marobota ya jinzi, na pembeni yake amekaa mwenye mzigo, mfanyabiashara mwanamke wa Kikenya aitwaye Ndinda. Walipoingia kwenye handaki linalopita chini ya reli wakayakuta maji. Gari likazima, maji yakapanda. Haidar alivutwa dirishani na mguu uliovunjika. Ndinda alitolewa baadaye, na hakuwa hai.

Sasa polisi walikuwa wanasema Haidar ameua kwa uzembe, kwa kuwa alionywa akakaidi. Kando ya barabara ile ofisi ya dharura ya eneo lile ina redio yake ndogo, mlingoti mmoja na sanduku la chuma, isiyosikika zaidi ya kilomita chache. Kazi yake ni moja tu, kuwaambia madereva kilichoko mbele yao. Kibao cha buluu kinawaonyesha mahali pa kuitafuta kwenye redio ya gari. Inasema kwa Kichina, halafu kwa lugha nne za wageni, na ya mwisho ni Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ni ya Muzdalifa.

"Redio uliifungua?" aliuliza Muzdalifa.

"Naifungua siku zote nikifika kwenye kibao, hata jua liwe kali nayo haisemi kitu. Nawatania abiria, nawaambia msikilizeni shemeji yangu. Na Ndinda nilimwambia hivyo hivyo."

"Kichina kilisemaje?"

"Nilisikia neno maji. Mengine mvua iliyameza, na lugha za wale wengine sizijui. Nikapunguza mwendo, nikasema ngoja nimsikie wa kwetu. Ukaja wewe. Ukatuamkia, ukatupa pole, ukatuombea Mungu. Basi nikakanyaga mafuta, shemeji. Nilimwambia Ndinda, pangekuwa na hatari huyu asingekaa kutuamkia."

"Na baada ya salamu?"

"Baada ya salamu hakukuwa na kitu. Kikaanza tena Kichina, na sisi tulishaingia."

Muzdalifa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijua alichokisema kwenye ile redio siku ya kurekodi, mwaka jana, maana alikifasiri yeye mwenyewe na akakisoma yeye mwenyewe. Alisema msiingie handakini. Alilisema mara mbili.

Siku mbili zilizofuata, kila alipoingia kwenye lifti ya jengo la Tianxiu kwenda ofisini kwa mumewe, wakala wa mizigo, mazungumzo yalikatika. Wanawake aliokuwa akiwatafsiria bei bure, waliokuwa wakimwita dada Muzda mlango hadi mlango, walianza kuzisoma namba za ghorofa zinavyopanda. Mmoja aliyekuwa ameahidiana naye kwenda soko la Shahe kuchukua mzigo alimtumia ujumbe kwamba amepata mtu mwingine. Hakuna aliyemtukana, na yeye aliona heri wangemtukana.

Aliyekuwa na ujasiri wa kuja nyumbani ni Chebet peke yake. Chebet na Ndinda walikuwa wakishirikiana chumba, wakishirikiana kontena, wakigombana na kupatana kila wiki. Alikataa chai, akakataa na kiti.

"Mimi sijakuja kupiga kelele," alisema. "Nataka tu uniambie na mdomo wako. Si ni wewe uliongea kwa hiyo redio?"

"Ni mimi."

"Na Ndinda akaskia sauti yako, akaingia kwa maji."

"Alisikia nusu ya sauti yangu. Twende ukasikilize mwenyewe."

"Nikaskize nini? Mtu ameshakufa."

"Redio. Haidar alisikia salamu tu, na mimi sikusema salamu tu. Kama bado inasema, tutajua."

Walipanda teksi. Jua lilikuwa linawaka, lami imekauka, na dereva alipoambiwa aitafute redio ya kibaoni aliwatazama kwenye kioo na kucheka kidogo. Redio ilikuwa bado inasema. Handaki lilishasafishwa na magari yanapita, lakini hakuna mtu katika ofisi nzima aliyekumbuka kuizima. Kikapita Kichina, zikapita lugha nyingine, kisha ikaja sauti ya Muzdalifa, tulivu, ya mwanamke anayempokea mgeni barazani kwake:

"Asalaam alaykum. Habari za safari, ndugu zetu, kina baba na kina mama. Poleni na mvua, poleni na uchovu wa njia. Hii ni redio ya barabara, tunazungumza nanyi kwa ajili ya usalama wenu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe..."

Kichina kikaanza tena. Muzdalifa alimwambia dereva ageuze, apite upya. Wakasikiliza mara ya pili, na mara ya pili Mungu aliombwa afikishe watu na hakupewa nafasi ya kuambiwa wapi.

"Wameikata," alisema Chebet.

"Wameikata. Onyo lilikuwa linafuata."

"Haya. Na hizo salamu zote zilikuwa za nini? Mtu ako kwa gari, mvua inanyesha, wewe unamuuliza habari za safari."

"Miye nilikolelewa, mtu hakabiliwi na habari mbaya kabla hajaamkiwa. Akiingia mtu kwako bila salamu, unajua kuna msiba."

"Si kulikuwa na msiba?"

Swali lile lilimtia Muzdalifa hasira. Alimkasirikia Chebet kwa kusema kweli. Alijikasirikia mwenyewe kwa kila pole aliyoitoa siku ile ya kurekodi, huku amejitanda mtandio wake mzuri kwa ajili ya picha. Lakini chini ya hasira hizo mbili kulikuwa na ya tatu, kubwa kuliko zote, nayo ilikuwa na anwani. Akamwambia dereva awapeleke ofisini kwa Liang.

Liang ndiye mkuu wa ofisi ile ya dharura, na wote wanaomhitaji humwita zhuren, yaani mkurugenzi, kwa maana hupenda cheo chake kitajwe. Mwaka jana ndiye aliyemtafuta Muzdalifa. Wakubwa wake walitaka redio ya lugha tano, na redio ya lugha tano hutoka vizuri gazetini. Kama malipo alimpa boksi la keki za sikukuu ya mwezi, zimekandwa kwa mafuta ya nguruwe, na mwanamke wa Kiislamu akashukuru kwa mikono miwili mbele ya kamera. Picha yenyewe bado ilikuwa ukutani. Chebet aliambiwa asubiri nje, kwa kuwa hakuwa na miadi, ingawa Muzdalifa naye hakuwa nayo.

"Mmenikata maneno," alisema Muzdalifa kwa Kichina. "Onyo lote mmelitupa."

Liang hakubisha, na huko kutobisha ndiko kulikotisha. Alisema kila lugha ya kigeni imepewa sekunde ishirini, na ya kwake ilikaribia dakika nzima, kwa hiyo fundi alichukua ishirini za mwanzo.

"Mngeniuliza. Simu yangu mnayo."

"Tulidhani mnaanza na jambo la muhimu, kama sisi."

"Mtu alifariki, zhuren. Na aliyenusurika mnataka kumfunga kwa kukaidi onyo ambalo hamkulitoa."

Liang aliinuka, akafunga mlango, akamwaga chai kwenye vikombe viwili vidogo. Alizungumza polepole, kama mtu anayemfanyia mwenzake wema. Akitaka kushitaki, ashitaki. Kesi itachukua miezi mingi, na Haidar ataingoja rumande na mguu wake ule. Fundi atasema alirusha alichopewa. Halafu idara ya uhamiaji itauliza, huyu mke aliyekuja kwa viza ya kumfuata mume alifanyaje kazi ya kutangaza bila kibali.

"Kazi gani? Mlinipa keki."

"Keki pia ni malipo," alisema Liang. "Lakini iko njia nyepesi. Kesho uje useme mbele ya polisi kwamba ulisoma vibaya. Ulipewa onyo, wewe ukasoma salamu. Hapo shemeji yako atakuwa hakukaidi, atakuwa amepotoshwa, na ataachiwa. Wewe utaambiwa uondoke nchini, hilo siwezi kulizuia. Ofisi ya mumeo haitaguswa."

Alisogeza kikombe kimoja upande wa Muzdalifa, kwa adabu. Muzdalifa aliitazama chai ile mpaka ikapoa, akatoka bila kuaga. Katika miaka yote aliyokaa na watu, ilikuwa mara ya kwanza kutoka mahali bila kuaga.

"Sema tu," Msabaha alimwambia nyumbani. "Sema, Haidar atoke."

Alikuwa amekaa kitandani na viatu, na simu yake kila dakika inaita kutoka Dar. Mama yake alikuwa analia, wajomba walikuwa wanatoa amri, dada zake walikuwa wanauliza kwa nini kaka mtu hajafanya kitu. Msabaha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, na mtu aliyebanwa humsukuma aliye karibu.

"Niseme mimi ndiye niliyemuua Ndinda?"

"Hakuna atakayesema umemuua. Watasema ulikosea kusoma."

"Chebet ataniamini. Wa kwao Ndinda je? Watoto wake watakua wanajua mama yao aliuawa na mwanamke wa Unguja aliyekuwa anapiga porojo kwenye redio."

"Ni midomo ya watu tu hiyo, Muzda."

"Na mimi naishi wapi, Msabaha? Naishi kwenye midomo hiyo hiyo. Wewe una mizigo ya watu, una ofisi, una jina mlangoni. Miye sina kitu hapa isipokuwa watu kuniamini nikisema."

"Haidar ni damu yangu."

"Mimi ni nani wako?"

Simu ikaita tena. Msabaha akaipokea, na Muzdalifa akamsikia anamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyekwishamaliza kazi, kwamba mambo yanakwenda vizuri, kesho Inshallah Haidar atatoka. Alimwahidi kabla mkewe hajakubali. Muzdalifa aliingia jikoni, akafungua bomba na kuliacha likimwagika, ili asisikike akilia kwa hasira.

Na kesho yake alikwenda, akasema. Hakwenda kwa ajili ya Msabaha. Alikwenda kwa sababu ya yule kijana aliyelala hospitali akiwa amemwamini shemeji yake kuliko alivyoyaamini macho yake, na ambaye hadi saa ile hakuwa amemlaumu hata mara moja. Polisi mmoja aliuliza, mwingine akarekodi. Walimtaka aseme neno "nilikosea" kwa sauti zaidi, kwa sababu mara ya kwanza halikusikika. Akalirudia.

Haidar aliachiwa jioni ile. Leseni yake ilichukuliwa, lakini aliachiwa. Muzdalifa akapewa siku kumi za kufunga mizigo yake.

Habari ilienea mtaa wao wote wa Xiaobei kabla ya magharibi. Sasa wale wa kwenye lifti hawakunyamaza tena alipoingia, walisogea mbali naye. Haidar, aliyeletwa nyumbani kwa machela, aliposikia gharama ya kutoka kwake alikataa kula. "Mngeniacha ndani," alimwambia kaka yake, na tangu hapo hakumsemesha. Chebet alipiga simu mara moja tu.

"Umekubali kubeba hiyo kitu?"

"Nimebeba."

"Mimi niliskia na masikio yangu, na nimewaambia kina mama wa hapa. Wanasema ati wewe ni rafiki yangu ndio maana ninakutetea. Kwao Ndinda wameniuliza jina lako. Nimeshindwa kuwapa."

Zikiwa zimebaki siku mbili za kuondoka, tufani nyingine ilikuwa inakuja, na Liang alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa changamfu. Alisema kuna kazi ndogo.

Muzdalifa alidhani amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya. Baada ya lile tukio, Kiswahili kilitolewa redioni, na sasa wakubwa wamepiga simu kuuliza kwa nini lugha tano zimekuwa nne. Msomaji mwingine mwenye Kichina cha kutosha hakupatikana kwa haraka. Basi Liang aliona si vibaya kumwita yule yule aliyemfukuza nchini, aje awasomee onyo kabla hajapanda ndege.

"Usiende," alisema Msabaha. "Hao hawana haya."

"Mvua inakuja," alisema Muzdalifa. "Watu wanapita pale na mizigo. Na wewe utanisindikiza, ukae kwenye teksi unisubiri."

Alisema kwa namna ambayo Msabaha hakujaribu kubishana nayo.

Ofisini, Liang alimkaribisha kama hakuna kilichotokea kati yao. Picha ilikuwa imeondolewa ukutani, msumari umebaki. Fundi alikuwa amekwishakaa kwenye mtambo, mwanamume mnene asiyepandisha macho. Muzdalifa alimtazama kichogoni, akajiambia huyu ndiye mwenye mkasi, na kumbe ni mtu tu anayetafuna mbegu za alizeti.

"Sekunde ishirini," alisema Liang. "Safari hii usipitishe."

"Sitapitisha. Nani atakagua Kiswahili chenyewe?"

"Nani wa kukagua?" Liang alicheka. "Ndiyo maana tumekuita wewe."

Hawakuwa wamejifunza chochote. Mwanamke alikuwa amekufa ndani ya maji ya tope, kijana amevunjwa mguu, nyumba imepasuka katikati, na ofisi hii bado ilikuwa tayari kuwarushia watu maneno ambayo hakuna ndani yake aliyejua yanasema nini. Muzdalifa alivuta kiti. Usiku wote alikuwa ameyapanga kichwani. Onyo litangulie, lisije likakatwa. Na asitaje jina la mtu, maana jina hutambulika katika lugha yoyote. Taa nyekundu ikawaka. Hakuwaamkia watu wake.

"Handaki la chini ya reli limejaa maji. Usiingie. Geuza gari sasa hivi, pita juu. Ni mimi yule wa mwaka jana. Maneno haya niliyasema, ofisi hii ikayakata, ikarusha salamu tu. Shemeji yangu hakuonywa. Dada yetu wa Kenya aliuawa na waliokata. Mwambieni kila mtu."

Fundi akairudisha rekodi nyuma, wakaisikiliza wote watatu. Liang alikuwa na jicho kwenye saa ya mtambo. Iliposimama kwenye ishirini kamili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hakuna cha kukata," alisema.

"Hakuna," alisema Muzdalifa.

Liang alimwashiria fundi, fundi akabonyeza. Mvua ilikuwa imeshaanza.

Nje, kando ya barabara, Msabaha alikuwa amekaa kwenye teksi mbele, pembeni ya dereva, na redio ya kibaoni imefunguliwa. Muzdalifa alipofungua mlango wa nyuma, sauti yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inasema, na ilikuwa imefika kwenye dada yetu wa Kenya. Alikaa, akafunga mlango, akangoja mumewe aseme lolote kuhusu ofisi yake, kuhusu viza, kuhusu watakachofanywa siku Mchina mmoja akimuuliza Mswahili mmoja maana yake.

Kichina kikapita, na lugha nyingine zikapita. Magari ya mizigo yalikuwa yanapunguza mwendo kwenye kibao, moja baada ya jingine, taa zimewashwa. Sauti ya Muzdalifa iliporudi, Msabaha alinyoosha mkono kwenye redio. Dereva alidhani anataka kuizima, akamwambia hapana, kuna tufani, iache.

Msabaha hakuizima. Aliongeza sauti hadi mwisho, akateremsha kioo cha upande wake sauti itoke barabarani, mvua ikawa inamwingilia.